Filamu Waliyoizima Kabla ya Majina

Nianze kwa kusema wazi kwamba filamu yenyewe ni mbovu. Nasema mapema ili asitokee mtu mwishoni akadhani nimekuja kuitetea. Kuna kivuli cha mpiga picha kinachotembea ukutani wakati mke anamlilia mumewe. Kuna gari linalopanda kutoka Soni kuja Lushoto kwa muda mrefu kiasi kwamba unaweza kuwasha jiko, ukabandika chai na ikachemka, nalo bado linakata kona na muziki ni ule ule. Kuna mzee wa kijiji aliyebandikwa ndevu za pamba, na kila akitaka kusema neno anazishika kwanza zisidondoke. Juu ya hayo, hadithi ya saa moja imekatwa vipande viwili, ili ukishanunua sehemu ya kwanza ununue na ya pili.

Jina lake silitaji. Waliotengeneza walitoka Dar es Salaam na mabasi madogo mawili, wakakaa kijijini kwetu siku tatu, wakaondoka. Sidhani kama yupo hata mmoja wao anayekumbuka kijiji kinaitwaje. Sisi tunawakumbuka vizuri sana. Siku zao tatu zimemgharimu mama yangu miaka kumi na minane.

Ninafundisha Jiografia hapa Lushoto mjini. Mwaka huu shuleni kwetu amehamia mwalimu wa Kiswahili kutoka Tanga, binti mdogo, mwenye ugonjwa wa filamu. Anazikusanya zile CD za zamani kwenye maduka ya vumbi, Mombo, Korogwe, popote anapopita, na kila Jumamosi mchana anaonyesha moja kwenye bwalo la shule. Wanakuja walimu wachache, manesi wawili watatu, na mke wa mchungaji akipata nafasi. Yeye anaamini filamu hizi zilidharauliwa haraka na watu waliosoma, ambao wengi wao hawakuwahi kuziangalia mpaka mwisho, na kwamba zinastahili kutazamwa mara ya pili. Mimi nilikuwa naenda kucheka. Sioni aibu kusema hivyo, maana nyingi zinachekesha, hasa zile za kuhuzunisha.

Siku moja akanifuata ofisini, uso umemjaa furaha.

"Dada, Jumamosi hii tunaangalia ile iliyopigwa kijijini kwenu. Utatusemea maneno mawili matatu."

"Ile ni takataka, mwalimu."

"Uliiona lini mara ya mwisho?"

"Sijawahi kuiona."

Alinitazama kwa heshima tu, na hiyo heshima ndiyo iliyonipandisha hasira, kwa sababu alikuwa na haki. Nimewafokea wanafunzi wangapi kwa kukosoa kitabu ambacho hawajakifungua? Lakini yeye hakujua kwa nini kwetu filamu ile haitazamwi, na mimi sikuwa na nia ya kumweleza.

Nitaeleza hapa. Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, wala halijazwi udongo mtupu. Kama limechimbwa kwa makosa, au marehemu akapelekwa kuzikwa kwingine, unakatwa mgomba wa urefu wa mtu, unalazwa ndani, ndipo linafukiwa. Sisi ni Walutheri, tunaimba na kusali kama kawaida, na mchungaji anapita hapo hapo, anauona mgomba na hasemi kitu. Kaburi lililofukiwa tupu linadai mtu wa kuzikwa, na linawadai wenye shamba.

Sasa, filamu ilikuwa na mazishi, na mwongozaji hakutaka kaburi la kuigiza. Alitaka la kweli, la kwenda chini. Baba mkubwa, kaka yake baba yangu na mkubwa wa ukoo, akamruhusu kuchimba kwenye shamba letu, ukingoni chini ya mikaratusi. Alimpa sharti moja tu: mkimaliza, mgomba. Mwongozaji akajibu, "Hamna shida, mzee." Nimeishi na watu wa mjini vya kutosha kujua kwamba "hamna shida" ni njia ya kumfanya mtu wa shamba anyamaze.

Akina mama wa kijiji waliombwa waje kulia. Mama yangu aliwekwa mbele, kwenye mkeka, kwa sababu alipojaribiwa alilia mara moja na machozi yakatoka. Baba hakuwepo, alikuwa amepeleka kabichi Mombo. Mimi nilikuwa shule ya bweni, nina miaka kumi na saba, na ninachokijua cha siku ile nilisimuliwa.

Miezi saba baadaye, lori lililombeba baba na kabichi zake lilikatika breki kwenye kona za kushukia Mombo. Tulileta mwili wake nyumbani kesho yake. Usiku ule ukoo ukakaa kikao, na baba mkubwa akasimama akasema lile kaburi la sinema lilifukiwa tupu. Alisema kazi ya mgomba alimwachia shemeji yake, yaani mama yangu, kwa kuwa shamba ni la nyumba yake, lakini shemeji alikuwa amenogewa na kamera. Akaongeza kwamba si hilo tu, shemeji alikaa mkekani akamlilia mume angali hai, basi mume amekuja kama alivyoitwa.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeketi mlangoni na shangazi zangu, na nilisikia wanaume wazima wakiguna kukubali. Hakuna aliyesema tukafukue tuone, kwa sababu kufukua kaburi ni kuomba jingine. Baba mkubwa alilijua hilo. Alimshitaki mama kwa kosa ambalo ushahidi wake umezikwa na hauruhusiwi kufukuliwa.

Kesho yake makaburini, mchungaji alipomwita mjane atupe udongo, mama aliinama akachota. Baba mkubwa akamshika kiwiko. Hakumvuta, alimshika tu, pale mbele ya watu wote, na mama akaelewa. Alirudi nyuma na udongo wake mkononi. Tulitembea naye mpaka nyumbani mkono umefumbwa vile vile, na sikumwona alipoumwaga.

Tangu hapo mama amekwenda kwenye misiba yote ya ukoo na hajafika kwenye kaburi hata moja. Anamenya viazi, anachochea moto, anaosha masufuria ya watu waliotoka kuzika. Akina mama wadogo walioolewa juzi wanapita mbele yake kwenda kutupa udongo kwa watu ambao hawakuwahi hata kula nao. Nyumbani kwetu jambo lile halikuzungumzwa. Shangazi alitupa CD yetu kwenye moto wa kuni, na plastiki ikanuka jikoni siku nzima.

Kijiji chenyewe kiliiona filamu mara moja tu, kabla ya baba kufa, kwenye kibanda cha video pale sokoni. Mwenye kibanda alikuwa na utaratibu wake: majina yakianza kupanda kwenye kioo, anatoa CD. Filamu imeisha, wengine wanasubiri nje, inuka. Hakuna aliyelalamika. Majina yale yalikuwa ya watu wa Dar, yangetuhusu nini?

Jumamosi ilipofika nilikwenda. Nilikwenda ili nikatukane, kwa kweli. Nilikaa nyuma kabisa, mwavuli mapajani, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, kwa hiyo bwalo lilikuwa na giza zuri la sinema saa nane mchana. Kila kosa lilipotokea nilifurahi. Kivuli cha mpiga picha, vizuri. Ndevu za pamba, safi sana. Nesi mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa anafuta machozi, nikamdharau.

Halafu mazishi yakaja. Niliiona mikaratusi yetu, na chini yake mkeka, na mbele kwenye mkeka mama yangu.

Alikuwa kijana. Hilo sikulitarajia. Nimezoea mama anayetembea akitazama chini, anayeingia msibani kwa mlango wa jikoni. Yule wa kwenye ukuta wa bwalo alikuwa na mabega wazi na shingo ndefu, na alilia kwa sauti kubwa bila kuomba ruhusa. Kamera ilimpita haraka kwenda kwa mwigizaji mkubwa, msichana mweupe mwenye wanja, ambaye kilio chake kilikuwa cha kuigiza mpaka pua. Nilimchukia yule msichana. Nikamchukia na mwalimu wa Kiswahili kwa kunileta pale.

Filamu ikaisha, yaani mwovu akawa kichaa kama kawaida yao, na majina yakaanza kupanda. Nikainuka.

"Dada, kaa kidogo," mwalimu akaniambia kutoka kwenye kompyuta yake. "Hapa tunakaa mpaka jina la mwisho. Ni majina ya watu."

Nikakaa, kwa hasira, kwa sababu kila mtu alikuwa amekaa. Kando ya majina kulikuwa na kidirisha kidogo kinachoonyesha makosa ya waigizaji, ule mtindo wao wa kujichekesha wenyewe. Mtu anasahau maneno. Gari linagoma kuwaka mlimani na watu wanalisukuma. Mzee wa ndevu anapiga chafya, ndevu zinaruka. Bwalo zima likacheka.

Picha ya mwisho ilikuwa ya kamera iliyosahauliwa inawaka. Mbele yuko msichana wa wanja, anajifuta uso na kitambaa na kucheka na mtu asiyeonekana. Nyuma yake kuna turubai, na chini ya turubai wanaume wa kijiji wanakula pilau ya wageni. Baba mkubwa yupo mwanzoni mwa benchi, koti la kahawia, soda mkononi. Kutoka upande wa kushoto anaingia mama yangu, khanga ameikaza kiunoni, begani amebeba mgomba.

Anatembea taratibu kwa sababu mgomba ni mzito. Inabidi apite mbele ya benchi. Baba mkubwa anasogeza mguu ili apite. Mama anafika kaburini, anautua, anaushusha ndani kwa mikono miwili, anainama kuunyoosha, kisha anachukua jembe na kuanza kuvuta udongo. Msichana wa wanja anacheka tena. Picha ikazimika, jina la mwisho likapanda.

Nilimwomba mwalimu arudishe. Akarudisha. Nikamwomba tena. Mara ya nne watu wakadhani nimeipenda filamu, na mwalimu wa hesabu akasema, "Kumbe na wewe umeokoka." Mwalimu akaniuliza kama niko tayari kusema maneno yangu mawili matatu.

"Filamu ni mbovu," nikasema. "Naomba unirushie hicho kipande cha mwisho kwenye simu."

Jumapili baada ya ibada sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa. Sasa ni mzee, anakaa kwenye kochi na blanketi magotini, jiko la mkaa karibu yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za shule. Nikamwambia kuna kitu nataka akione, nikamsogezea simu. Alitafuta miwani yake kwa muda mrefu.

Alipoiona mara ya kwanza alitabasamu.

"Huyu ni mimi," akasema kwa Kishambaa. "Lile koti. Unaona lilivyokuwa zima?"

Nikairudisha. "Na huyu anayepita ni nani, baba?"

"Mama yako."

"Amebeba nini?"

Nikairudisha kwa mara ya tatu, nikasimamisha picha pale mguu wake unaposogea. Mkaa ulikuwa unapasuka kwenye jiko. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi: akane, alie, aseme siku hizi picha zinatengenezwa. Sikuwa nimejiandaa kwa alilosema.

"Hata hivyo," akasema, akavua miwani, "ulikuwa mfupi."

Nimelelewa vizuri. Sijawahi kumpandishia mzee sauti, na siku ile pia sikupandisha, lakini nilijua nikibaki nitaharibu. Nikamwambia, "Baba, ulimpisha. Alipita mbele ya goti lako na ulimpisha."

"Watu walikuwa wengi siku ile."

"Na makaburini, ulipomshika mkono?"

"Mwanangu, hayo yamepita. Mwambie mama yako aje, tutayaongea kikubwa."

"Hatakuja yeye. Utakwenda wewe."

Mke wake alikuwa ameshaleta chai. Niliiacha pale mezani ikiwa imejaa, na kwetu anayeacha chai ya mzee bila kuonja amesema yote. Nikatoka.

Njia nzima ya kwenda kwa mama nilikuwa namtukana baba mkubwa moyoni, na mwenye kibanda cha video kwa haraka zake, na mwongozaji kwa hamna shida yake. Nilimtukana hata marehemu shangazi kwa kuichoma ile CD. Kila aliyekuwa ameizima filamu mapema alipata sehemu yake. Nilijiona mtu wa kwanza katika ukoo mzima kumtetea mama yangu, na ukweli nausema, nilikuwa natembea kwa fahari.

Nilimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamwekea simu mbele ya ungo. Akaitazama mpaka mwisho huku vidole vinaendelea kutoa vijiwe.

"Yule dada mweupe bado anaigiza?" akauliza.

"Mama. Umejiona?"

"Nimejiona. Mimi si nilikuwepo."

Nikamweleza nilikotoka, nikamweleza mguu uliosogea na mgomba ulioitwa mfupi. Kwenye mgomba mfupi akacheka kidogo, kicheko kikavu. Akasema ulikuwa mrefu kuliko baba mkubwa mwenyewe, na kwamba bega lilimuuma wiki nzima. Baba aliporudi kutoka Mombo, mama alimwambia habari yote, na baba akasema asante.

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na kwa kuwa nilikuwa nalia nikauliza swali la kijinga. "Sasa kwa nini hukusema? Miaka yote hii, mama, kwa nini hukusema?"

Aliacha kuchambua. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeulizwa jina lake na mtoto wake.

"Nilisema. Nilisema kwenye kikao, ninyi mmeshakwenda kulala, wakaniambia mjane hasemi. Nikamwambia mchungaji, akaniambia nisamehe. Na wewe nilikwambia. Ulikuwa umekuja likizo ya Krismasi, umekaa hapo hapo ulipokaa, na ungo ulikuwa huu huu. Uliniuliza, 'Mama, mgomba uliufukia?' Nikakujibu, 'Niliufukia kwa mikono yangu.'"

"Nikasemaje?"

"Ulisema, 'Sawa, mama.' Ukaenda kuoga."

Nilitaka kumwambia sikumbuki. Lakini nilikuwa nakumbuka, ilikuwa inarudi yote, ungo, maharage, baridi ya Desemba, na mimi nikiinuka haraka kabla hajasema zaidi. Ile "sawa" naijua vizuri. Ndiyo ninayowapa wanafunzi wangu wanaponiambia wamesahau daftari nyumbani.